Mwanga wa Kaskazini Unaposhuka Kusini

Usiku wa tarehe 10 Mei 2024, wakazi wa Florida waliotoka uani waliikuta mbingu ya kaskazini imepiga wekundu. Usiku huohuo kamera za kituo cha falaki cha Hanle, katika milima ya Ladakh nchini India, zilinasa wekundu kama huo. Wekundu huo ulitokana na dhoruba ya sumaku ya daraja la juu kabisa, ambalo halikuwa limeipiga dunia tangu Oktoba 2003.

Chanzo kilikuwa kundi la madoa ya jua lenye upana unaokaribia mara 15 ya dunia. Kwa siku chache lilirusha mfululizo mawingu ya gesi yenye chaji; ya nyuma yakayawahi ya mbele, yakatufikia yamebebana. Chembe zenye chaji hushuka kwa kufuata mistari ya sumaku hadi kwenye pete inayozunguka eneo la ncha, na hapo ndipo hewa ya juu huwaka. Siku za kawaida pete hiyo hukaa juu ya Alaska, Iceland na kaskazini mwa Norwe. Dhoruba ikichachamaa, hutanuka kuelekea ikweta.

Ramani ya darasani haitoshi kukadiria bahati ya mtu. Chicago na Roma zote ziko karibu na nyuzi 42, lakini ncha ya sumaku imeegemea upande wa Amerika, kwa hiyo Chicago huuona mwanga huu mara nyingi zaidi.

Kwa nini mwekundu? Rangi ya kijani hutokea kilomita 100 hadi 150 juu, na mgongo wa dunia huificha isionwe na aliye mbali. Kinachombakia ni kilele cha pazia, zaidi ya kilomita 200, ambako oksijeni hutoa wekundu: huona moshi, jiko liko ng'ambo ya kilima. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, aliandika kwamba enzi za mfalme Tiberius askari waliouona wekundu kama huo walikimbilia Ostia wakidhani mji unaungua.

Utabiri wa siku mbili kabla usiaminiwe sana. Jambo la kuamua ni uga wa sumaku uliobebwa na wingu: ukielekea kusini, ngao ya dunia hufunguka, ukielekea kaskazini, watu hukesha bure. Mwelekeo huo hujulikana wingu linapopita kwenye setilaiti zilizo kilomita milioni 1.5 kutoka hapa, na kwa kawaida muda unaobaki haufiki saa moja.

Macho nayo hayatambui rangi vizuri gizani. Wengi waliona ukungu wa kijivu tu, hadi walipouelekezea simu kwa sekunde chache ukatoka wa waridi.