Kiganja cha Rafiki na Filamu Isiyosamehe

Saa sita mchana pale njia panda ya Nanganga, barabara ya Ruangwa inapoachana na ile ya Masasi kwenda Lindi, jua husimama utosini na kivuli cha mkorosho hujikusanya shinani. Mpige picha rafiki aliye kivulini kwa simu: uso utaonekana, na barabara nyuma yake pia. Rudia kwa filamu ya slaidi. Ukikosea kidogo tu, ama uso umekuwa masizi, ama barabara imekuwa karatasi tupu.

Negativu ina nafasi ya kurekebishwa wakati wa kuichapa. Slaidi haina, kwa sababu filamu yenyewe ndiyo picha. Ikishasafishwa, unaiangalia kwa kuimulika. Huvumilia hatua tano hivi za mwanga, kila hatua maradufu ya iliyotangulia, yaani mara 32 kutoka giza hadi weupe. Jua na kivuli cha Nanganga vinaweza kuzidi hapo.

Kusini huku ndiko alikotoka mchoraji Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru, jirani na Masasi, mwaka 1932. Mwaka 1968, Dar es Salaam, alianza kuchora kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya mbao bapa za dari. Hakuchora peke yake. Ndugu na marafiki kama January Linda, Ajaba Abdallah Mtalia na Simon Mpata walijifunza kwake, wakauza kazi zao Morogoro Stores, Oysterbay. Polisi walimpiga risasi akafa mwaka 1972, lakini brashi hazikulala. Mwaka 1990 ukaundwa ushirika unaobeba jina lake.

Tuseme rafiki yako wa kivulini ni mmoja wa wachoraji wa leo wa ushirika huo, na anamalizia ndege mwekundu kwenye ubao mweupe. Unabonyeza. Ndani ya filamu kuna tabaka tatu za chembe za madini ya fedha: moja hunasa mwanga wa buluu, moja wa kijani, moja mwekundu. Pale alipo ndege, ni tabaka la mwanga mwekundu pekee lililoguswa.

Dawa ya kwanza, yenye joto la nyuzi 38 za Selsiasi, hugeuza chembe zilizoguswa kuwa fedha nyeusi. Kisha dawa ya rangi huziendea zile ambazo hazikuguswa. Katika tabaka la buluu hutokea manjano, na katika la kijani hutokea magenta. Mwisho fedha yote huoshwa. Manjano na magenta zikilaliana, macho yanaona wekundu. Ndege wako, basi, amechorwa na chembe ambazo mwanga uliziruka.

Kimbembe ni kipima mwanga. Kilicho ndani ya kamera hudhani kila kitu mbele yake ni kijivu, kinachorudisha asilimia 18 ya mwanga. Ubao mweupe ukijaza fremu, hupunguza mwanga ili weupe ushuke hadi kijivu, na uso wa mchoraji nao huzama gizani. Ukipima uso mweusi peke yake, huongeza mwanga mpaka ngozi ipauke na ubao upotee.

Wapiga picha wana dawa ya zamani: kiganja. Ngozi ya kiganja ina melanini kidogo, hivyo viganja vya watu weusi na weupe hukaribiana, na hurudisha mwanga karibu maradufu ya kijivu kile. Kipime kikiwa kwenye mwanga uleule unaoangukia uso, kisha ongeza hatua moja. Ubao nao uinamishwe kidogo, mng'ao wa rangi ya mafuta usiingie kwenye lenzi.

Ila viganja vya mchoraji vimejaa rangi nyekundu. Itabidi aweke brashi chini, afute mkono, akunyooshee. Filamu isiyosamehe haikubali umpige picha mtu kwa kumvizia: hata mwanga wa uso wake unaupata kwa kumwomba mkono.