Kasoro katika Programu ya Kuhesabu Mizani

Tuchukue zoezi ambamo mwanafunzi wa isimu hupewa programu ya kompyuta iliyokwisha kuandikwa, aitumie kuhesabu mizani za shairi. Programu hiyo huhesabu irabu, na kila irabu huwa mizani moja. Kwa "kalamu" na "barua" jibu ni sahihi. Lakini "mtu", lenye mizani mbili, hupewa moja, kwa kuwa /m/ hapo ni silabi kamili isiyo na irabu. "Nchi" na "mbwa" hupatwa na yayo hayo.

Yaelekea mwanafunzi ataamua kuihesabu kila /m/ itanguliayo konsonanti. Dawa hiyo yazaa kosa jingine: "mbuni" (ndege) lina mizani mbili, mbu-ni, ilhali "mbuni" (mti wa kahawa) lina tatu, m-bu-ni, na tahajia ni moja. Chanzo cha kasoro, basi, ni dhana kwamba tahajia pekee yatosha kuonyesha silabi. Yafaa programu ijaribiwe kwanza kwa maneno ambayo mizani zake zajulikana; pasipo hivyo, mshairi atalaumiwa kwa guni asilolitunga.