Siku tisa za kuwinda kulungu: Kwa nini Wamarekani huzingojea mwaka mzima

KILA mwaka, majani ya miti yanapogeuka manjano na mekundu kabla ya kupukutika, maelfu kwa maelfu ya wakazi wa jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, huanza kuhesabu siku. Bunduki hutolewa kabatini na kupakwa mafuta. Mavazi mazito huanikwa nje ili harufu ya sabuni na ya jikoni iwatoke. Wafanyakazi huomba likizo mapema, na vibanda vya msituni vilivyofungwa tangu mwaka uliotangulia hufunguliwa, vikafagiliwa na kujazwa kuni.

Wanachokisubiri ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, ambao huanza Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Kutoa Shukrani mwezi Novemba, na hudumu kwa siku tisa pekee. Wawindaji wa mishale huwa wameingia msituni tangu katikati ya Septemba, na wale wa magobori hupewa siku zao baadaye. Hata hivyo, ni hizo siku tisa zinazolisimamisha jimbo zima.

Kwa msomaji wa Kenya, ambako uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku mwaka 1977, jambo hili huenda likaonekana la ajabu. Inakuwaje nchi yenye maduka tele ya nyama ikaruhusu raia wake kuingia msituni na bunduki, na serikali yenyewe ikawauzia leseni za kufanya hivyo? Jibu linahitaji kuanzia kwa mnyama mwenyewe.

Mnyama gani huyu?

Kulungu tunayemfahamu katika misitu yetu ni wa jamii ya swala, na pembe zake hazianguki maisha yake yote. Mnyama anayewindwa Wisconsin ni wa jamii nyingine kabisa, ile ambayo wasomaji wa Biblia wanaijua kwa jina la ayala. Hana jamaa wa asili popote Afrika kusini mwa Sahara. Barani mwetu jamii yake ya asili hupatikana Afrika Kaskazini tu. Kwa kukosa jina jingine lililozoeleka, wengi humwita kulungu, nasi tutafuata mazoea hayo.

Wa Wisconsin hutambulika kwa mkia wake, ambao huuinua na kuonyesha weupe wa upande wa chini anapotimka kwa hofu. Dume huota pembe zenye matawi kila mwaka. Huanza kuchipuka majira ya kuchipua, zikiwa zimefunikwa na ngozi laini yenye damu. Kufikia Septemba ngozi hiyo hukauka na dume akaibandua kwa kujisugua kwenye miti. Majira ya baridi pembe hizo huanguka, na mwaka unaofuata huota nyingine.

Mchana unapozidi kufupika, mwili wa dume hubadilika. Mwezi Novemba, yule mnyama aliyekuwa msiri, asiyetoka kichakani ila usiku, huanza kuzurura mchana akitafuta majike. Husahau kula na husahau tahadhari. Mimba hudumu takriban siku 200, hivyo ndama huzaliwa mwishoni mwa Mei na mwezi Juni, wakati malisho yamejaa. Mwindaji anajua kwamba hakuna wakati mwingine katika mwaka ambapo dume mkubwa hujianika jinsi hiyo.

Siku ya kwanza

Siku ya ufunguzi watu huamka yapata saa kumi alfajiri. Chai ya moto huwekwa katika chupa, na kila mtu huelekea mahali pake gizani, mara nyingi kwenye theluji na baridi ya kugandisha maji. Wengi hupanda dungu, yaani jukwaa lililojengwa juu ya mti au juu ya nguzo, kama lile ambalo mkulima wa huku kwetu hulitumia kuwalinda nyani na ndege wasimalize mazao. Sheria huruhusu kufyatua risasi kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza.

Baada ya hapo ni kungoja. Kulungu ana pua kali mno, kwa hiyo mwindaji huketi mahali ambapo upepo unatoka upande wa mnyama kuja kwake. Hatikisiki, hakohoi. Vidole vya miguu hufa ganzi. Kindi akikimbia juu ya majani makavu, moyo humlipuka mtu akidhani ni kulungu. Na kulungu mwenyewe mara nyingi hutokea bila kishindo chochote, kana kwamba ameota hapo hapo. Hata wawindaji wa miaka mingi hukiri kwamba mikono huwatetemeka wanapomwona dume, wakalenga vibaya au wakasahau kabisa kufyatua.

Wengi hurudi mikono mitupu. Mwaka 2023, kwa mfano, kulungu waliouawa katika siku hizo tisa walikaribia 174,000, ilhali wenye leseni za bunduki walikuwa takriban 550,000. Ndiyo maana mazungumzo ya jioni kibandani huwa zaidi ya yule aliyeponyoka kuliko yule aliyening'inizwa nje.

Aliyebahatika ana kazi mbele yake. Mnyama hupasuliwa na kutolewa matumbo papo hapo ili nyama ipoe upesi, kisha huburutwa hadi barabarani. Sheria humtaka mwindaji amsajili mnyama huyo kwa idara ya maliasili ya jimbo kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku inayofuata. Nyama ya kulungu wa msituni hairuhusiwi kuuzwa. Huliwa na familia, hugawiwa majirani, husagwa kuwa soseji au hukaushwa. Tangu mwaka 2000 jimbo hilo limekuwa na mpango unaowawezesha wawindaji kutoa nyama kwa ajili ya watu wasiojiweza.

Vibandani ndiko desturi zinakorithishwa. Babu humwonyesha mjukuu njia za kulungu, jinsi ya kusoma nyayo, na namna ya kubeba bunduki mdomo ukielekea mahali salama. Sheria iliyopitishwa mwaka 2017 iliondoa umri wa chini kabisa wa kuwinda Wisconsin, mradi mtoto awe na mtu mzima aliye karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono. Wapo walioipinga kwa hoja kuwa bunduki si chombo cha mtoto mdogo.

Desturi hizi zina mizizi mirefu kiasi kwamba kuzigusa ni kuzua malumbano. Katika jimbo la Pennsylvania, msimu wa bunduki kwa miongo mingi ulianza Jumatatu baada ya Sikukuu ya Kutoa Shukrani, na shule nyingi zilifungwa siku hiyo. Mwaka 2019 siku ya kwanza ilihamishiwa Jumamosi ili wanafunzi na wafanyakazi wapate nafasi. Waliokuwa wamezoea kutumia wikendi hiyo kusafiri na kutayarisha vibanda walilalamika kwamba wamenyang'anywa nusu ya raha yenyewe.

Walivyokaribia kutoweka

Sheria hizi zote zilizaliwa kutokana na maafa. Katika karne ya 19 uwindaji ulikuwa biashara huria. Reli ilipofika misitu ya kaskazini, mizoga ilisafirishwa hadi masoko ya Chicago, huku miti yenyewe ikikatwa kwa kasi. Kufikia mwaka 1900, kulungu hawa waliosalia Amerika Kaskazini nzima wanakisiwa kuwa nusu milioni au pungufu.

Wisconsin iliweka kikomo cha kulungu wawili kwa mwindaji mwaka 1897, na mwaka huo huo ikaanza kutoza leseni. Mwaka 1900 bunge la Marekani lilipitisha sheria dhidi ya biashara ya wanyama waliouawa kinyume cha sheria za majimbo. Kisha mwaka 1937 ikaja sheria muhimu kupita zote: ushuru wa bunduki na risasi ungeelekezwa kwenye uhifadhi wa wanyamapori. Hadi leo, anayenunua bunduki ndefu au risasi hulipa asilimia 11 ndani ya bei, na fedha hizo hugawiwa majimbo kununua ardhi, kufanya utafiti na kuwafunza wawindaji.

Matokeo yalipita matarajio. Marekani sasa inakadiriwa kuwa na takriban kulungu milioni 30 wa aina hii, na Wisconsin pekee ina zaidi ya milioni moja na nusu. Tatizo likageuka: mbwamwitu, adui wao wa asili, walikuwa wameangamizwa Wisconsin kufikia miaka ya 1960, na ingawa walianza kurejea katika miaka ya 1970, hawatoshi kupunguza idadi hiyo. Kulungu wakizidi hula miche yote hadi msitu ukakosa warithi, huharibu mahindi na soya, na huruka barabarani mbele ya magari.

Mwanazuoni Aldo Leopold, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, alionya hivyo mapema. Katika miaka ya 1940 alitetea kuuawa kwa majike na ndama pia ili kuokoa misitu, na wawindaji wengi, waliozoea kuamini kwamba jike haguswi, walimshutumu vikali. Alifariki mwaka 1948 kabla ya hoja yake kukubalika. Leo leseni za kuua majike ni jambo la kawaida.

Hatari na usalama

Mamia ya maelfu ya watu wenye bunduki msituni ni hatari iliyo wazi. Kwa hiyo tangu mwaka 1980 kila mwindaji wa bunduki Wisconsin amelazimika kuvaa rangi ya chungwa inayong'aa. Mwaka 2016 waridi inayong'aa ikaruhusiwa pia. Rangi hiyo huonekana na binadamu kutoka mbali, ilhali kulungu, ambaye hatofautishi vyema nyekundu na kijani, haimshtui. Aidha, aliyezaliwa mwaka 1973 au baadaye sharti awe na cheti cha mafunzo ya usalama, isipokuwa anapowinda chini ya uangalizi. Ajali zimepungua mno, ingawa kuanguka kutoka kwenye dungu bado hujeruhi wengi.

Lakini cheti hakizuii hasira. Novemba 21, 2004, kaskazini mwa Wisconsin, mwindaji mmoja mhamiaji wa jamii ya Wahmong alikutwa kwenye dungu lililokuwa katika shamba la wenyewe. Yalizuka majibizano, na mwishowe akawapiga risasi watu wanane, sita wakafa. Alidai kwamba alitukanwa kwa asili yake na kwamba alijitetea. Mahakama haikukubali, na mwaka 2005 akafungwa maisha. Kisa hicho kilifichua uchungu uliokuwa umejificha kati ya wenyeji na wageni, na kati ya wenye ardhi na wasio nayo.

Ugonjwa usio na tiba

Tishio lililopo sasa halina kishindo cha bunduki. Mapema mwaka 2002 wataalamu walitangaza kugundua Wisconsin ugonjwa wa kudhoofika wa kulungu, uliotambuliwa mara ya kwanza Colorado mwaka 1967. Husababishwa na prioni, yaani protini zilizopotoka umbo, ambazo huharibu ubongo. Mnyama hukonda, hudondokwa mate, hupoteza woga, kisha hufa. Hakuna chanjo wala tiba. Prioni hizo hudumu udongoni kwa miaka mingi, na kupika nyama hakuziangamizi. Kufikia sasa ugonjwa umeripotiwa katika zaidi ya majimbo 30 ya Marekani.

Hakuna binadamu anayejulikana kuupata. Hata hivyo, mamlaka za afya hushauri kulungu kutoka maeneo yaliyoathirika apimwe, na akionekana kuwa nao, nyama isiliwe. Hapo ndipo furaha ya msimu imeingia mchanga. Familia iliyozoea kula jioni ile ile sasa huweka nyama kwenye friji na kusubiri majibu ya maabara.

Wakati huo huo, wawindaji wanapungua. Leseni za bunduki Wisconsin zilikaribia 700,000 mwaka 2000, mwaka ambao kulungu zaidi ya 600,000 waliuawa kwa bunduki na mishale. Tangu hapo idadi ya wenye leseni imeshuka kwa takriban asilimia 20, na wazee wanaostaafu hawajapata warithi wa kutosha mijini.

Kenya ilichagua njia tofauti. Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, alikuja kuwinda hapa mwaka 1909, na safari za aina hiyo ziliendelea hadi marufuku ya 1977. Sisi hulipia uhifadhi kwa ada za watalii wanaokuja kutazama. Wao hulipia kwa ushuru wa risasi na leseni za wanaokuja kuua. Kila njia ina udhaifu wake, kwani watalii wakikosekana mbuga huishiwa fedha, na wawindaji wakipungua hazina ya msitu hukauka. Ndiyo sababu swali linaloulizwa Wisconsin kila Novemba si tena kama kulungu watakuwepo, bali kama watakuwepo vijana wa kupanda dungu alfajiri, na nani atalipia msitu wasipokuwepo.