Je, Wajua? Alikesha siku 11, akasahau hesabu katikati

Desemba 1963, Randy Gardner, mwanafunzi wa miaka 17 wa San Diego, Marekani, alianza kukesha kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Alikaa macho saa 264. Hasira zilikuwa karibu. Siku ya mwisho aliambiwa atoe 7 katika 100, kisha aendelee hivyo hivyo. Alipofika 65 akanyamaza. Alikuwa amesahau anachokifanya! Baadaye alilala zaidi ya saa 14.

Kukosa usingizi huonekana tofauti kwa kila umri. Mtoto mdogo aliyekosa usingizi mara nyingi hasinzii. Hurukaruka, hulia kwa jambo dogo, haambiliki. Watu humwita mtundu, kumbe amechoka.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Balehe huchelewesha saa ya mwili wake, kwa hiyo usingizi humjia usiku sana. Kumwamsha alfajiri kila siku ni kumnyima haki yake, na masomo ya jana hayakai vizuri kichwani.

Uzeeni usingizi mzito hupungua, nao ndio husaidia ubongo kuhifadhi mambo mapya. Mzee bado anahitaji saa 7 au 8.