Kutua Palepale Ulipokusudia

Mtahini anamwonyesha mtahiniwa mstari mweupe kwenye njia ya kurukia, kisha anarudisha nguvu ya injini hadi mwisho. Ndege iko futi 1,000 hivi juu ya ardhi, sambamba na mstari huo, na kuanzia hapo rubani anaruka kana kwamba hana injini. Katika mtihani wa leseni ya urubani wa biashara wa Marekani, magurudumu yaguse mstari au yaupite kwa futi zisizozidi 200, yaani mita 60 hivi. Akigusa kabla yake, amefeli.

Kwa Tanzania leseni ya aina hiyo hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Viwango vya kimataifa vinamtaka mwombaji awe na miaka 18 na saa 200 za kuruka, au 150 akipitia mafunzo kamili yaliyoidhinishwa. Anayeipata anaruhusiwa kulipwa kwa kurusha ndege, na huku kwetu wengi huanzia kwenye ndege ndogo za injini moja zinazotua kwenye viwanja vya changarawe kandokando ya Serengeti. Injini ikizima kati ya Bariadi na Maswa, atalazimika kuchagua shamba moja la pamba lililokwisha kuvunwa na kulifikia mara ya kwanza. Ndiyo maana siwaonei huruma wanafunzi wanaolalamikia zoezi hili.

Siri yake ni jicho. Rubani huchagua alama ya kulenga iliyo kabla kidogo ya mstari, kwa sababu ndege huelea kidogo inapoinua pua kabla ya kugusa. Kisha huitazama kupitia kioo cha mbele. Alama ikipanda kiooni, atapungukiwa, ikishuka, atapitiliza. Ikitulia palepale, inamwonyesha anakoelekea. Akiwa juu mno, anaongeza flapu za mabawa au anaisereresha ndege kiubavu. Akiwa chini, anakata kona mapema na kuchelewesha flapu. Kuvuta pua juu ili afike mbali hakusaidii hata kidogo: mwendo unapungua, ndege inazama, na mwisho wake ni mbaya. Kukaza kona karibu na ardhi ni hatari zaidi. Ndege ikilala nyuzi 45 huku ikidumisha kimo chake, mwendo ambao mabawa huacha kuibeba hupanda kwa karibu asilimia 19.

Halafu kuna hewa ya mkoa wa Simiyu yenyewe. Bariadi iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Joto likifika nyuzi 30, hewa huwa nyepesi kama ile ya futi 7,000 katika hali ya kawaida. Cessna 172 inayoonyesha noti 65 kwenye kipima mwendo inapita hewani kwa noti 72 hivi. Kwa macho ya aliyejifunzia Dar es Salaam, ardhi inakimbia, na mkono wake unataka kuvuta pua ili apunguze. Asikubali. Mabawa yanafuata kile kinachoonyeshwa na kipima mwendo, kwa hiyo noti zake 65 zibaki zilezile. Kinachobadilika ni umbali wa kukimbia baada ya kugusa: huongezeka kwa zaidi ya moja ya tano hata pasipokuwa na upepo.

Mchana wa kiangazi, udongo mweusi wa mbuga ukishapigwa na jua hutoa hewa moto inayoinyanyua ndege kwa ghafla, na dakika hiyohiyo, ikiingia juu ya bwawa au uoto wa kijani, inadidimia. Mwanafunzi anayezoea kuruka saa moja asubuhi tu hajaionja hali hiyo. Mimi huwataka warudie zoezi saa nane mchana, kwenye njia ileile na kwa mstari uleule, na waandike kila mara waliathiriwa na nini: upepo, joto, au haraka yao wenyewe.