Programu ya Zamani Kwenye Kompyuta Mpya: Ziweke Pamoja Bila Kuhatarisha Pesa Zako

Ukipita Timboroa asubuhi na mapema, baridi ikiwa bado inauma, utaona magunia ya viazi kando ya barabara ya Nakuru kwenda Eldoret na malori yakingoja kupakia. Malipo mengi siku hizi ni ya simu. Tuchukulie mfano wa mwenye duka la pembejeo hapo. Anapokea pesa kwa namba ya till mchana kutwa, halafu jioni anawasha kompyuta ili alinganishe mauzo na pesa zilizoingia.

Kompyuta yake inatumia Linux, aina ya Ubuntu, kwa sababu hailipiwi leseni. Programu ya duka aliandikiwa miaka ya nyuma na kijana ambaye siku hizi hapatikani. Sasa fundi amemwekea Ubuntu mpya. Mashine inaenda mbio, intaneti iko sawa, lakini programu ya duka imekataa kufunguka. Inasema tu kwamba haioni faili inayoitwa libssl.so.1.1. Na madeni yote ya wateja yako humo ndani!

Afanye nini? Hapa ndipo wengi huharakisha, wakajikuta wamefungua mlango wa wizi. Hebu tuelewane pole pole.

Maktaba ni nini?

Programu nyingi hazifanyi kila kitu zenyewe. Huazima kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, kama kuchapisha risiti au kusoma picha. Mafaili yenye kazi hizo huitwa maktaba. Maktaba moja inaweza kuhudumia programu nyingi kwa wakati mmoja.

Hiyo libssl ni sehemu ya OpenSSL, maktaba inayofunga mawasiliano ya intaneti ili mtu aliye katikati asisome unachotuma. Kwa maneno mengine, ni kufuli. Ubuntu 20.04 ilikuja na kufuli ya 1.1. Ubuntu 22.04, iliyotoka Aprili 2022, ilikuja na OpenSSL 3, na ile ya 1.1 ikaachwa nje. Programu ya duka inatafuta kufuli ya zamani, haioni, inakata tamaa.

Reli mbili, nchi moja

Watu wa Timboroa wanaijua reli. Ile inayopita pale, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, ni ya zamani, na upana wake ni milimita 1,000. SGR ina upana wa milimita 1,435. Ilianza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika Naivasha. Treni ya moja haiwezi kutembea juu ya nyingine. Hata hivyo hakuna aliyeng'oa reli ya zamani ili mpya ifanye kazi. Kila moja ina njia yake, na mizigo ya kwenda Malaba huhamishwa kutoka SGR hadi reli ya zamani kule Naivasha.

Linux nayo inaruhusu hivyo hivyo. Namba ya toleo imo ndani ya jina la faili: libssl.so.1.1 ni moja, libssl.so.3 ni nyingine. Kwa kuwa majina ni tofauti, zinaweza kukaa kwenye mashine moja bila kugombana. Shida huanza mtu akilazimisha treni moja ipande reli ya nyingine.

Makosa matatu ya kuepuka

1. *Kuidanganya programu.* Kuna mafundi wanaoipa libssl.so.3 jina la libssl.so.1.1. Jina linafanana, lakini ndani mambo yamebadilika. Programu itakataa au itaanguka katikati ya kazi, pengine ikiandika mauzo.

2. *Kufuta mpya na kurudisha ya zamani.* Programu nyingine kibao zinategemea ile mpya. Ukiiondoa, umeokoa moja na kuziua kumi. Maktaba ya msingi inayoitwa libc ndiyo usiiguse kabisa. Ikiharibika, karibu kila amri kwenye mashine inagoma.

3. *Kupakua kufuli mahali popote.* Ukitoa faili kama hii kwenye tovuti usiyoijua, ni sawa na kumwachia mtu wa barabarani akutengenezee kufuli ya duka lako. Yeye atabaki na ufunguo wa pili.

Njia iliyo salama

Kwanza kabisa, kabla ya kugusa chochote, nakili data ya duka kwenye flashi au diski nyingine. Kisha mwombe fundi afuate mpangilio huu:

- Aulize kama kuna toleo jipya la programu, au kama inaweza kuundwa upya kwa maktaba mpya. Hili ndilo suluhisho bora.
- Ikishindikana, maktaba ya zamani ichukuliwe kwenye hazina rasmi za Ubuntu na iwekwe kwenye folda yake peke yake chini ya /opt. Programu ifunguliwe kwa amri fupi inayotumia LD_LIBRARY_PATH kuielekeza kwenye folda hiyo. Amri hiyo iihusu programu hiyo moja tu, isiwe ya mashine nzima.
- Au Ubuntu ya zamani iwekwe ndani ya kompyuta ya kuigiza, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, na programu ibaki humo.
- Kwa njia yoyote ile, programu hiyo ya zamani inyimwe intaneti kama haiihitaji. Kazi yake ni hesabu za duka, basi.

Kwa nini pesa zisipite kwa kufuli ya zamani

OpenSSL 1.1.1 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya bure tarehe 11 Septemba 2023. Tundu likigunduliwa leo, mradi wa OpenSSL wenyewe hautamzibia bila malipo mwenye toleo hilo.

Na matundu hutokea. Aprili 2014 dunia iliambiwa kuhusu Heartbleed, tundu ndani ya OpenSSL 1.0.1 lililokuwa limekaa humo zaidi ya miaka miwili. Mtu wa mbali angeweza kuchota vipande vya kumbukumbu ya seva, hadi kilobaiti 64 kila mara, na humo mngeweza kuwa na neno la siri la mtu. Hata simu zenye Android 4.1.1 ziliguswa. Waliosasisha haraka walijiziba. Wale waliosema "inafanya kazi, ya nini kuigusa" walibaki wazi.

Kwa hiyo shika kanuni hii moja: cha zamani kinaweza kukaa nyumbani, lakini kisishike pesa. Kuangalia malipo ya till, kuingia benki au kuandika neno la siri kufanyike kwa programu zilizosasishwa pekee.

Na simu yako je?

Android nayo imejengwa juu ya kiini cha Linux, kwa hiyo mambo ni yale yale. Aplikesheni yetu ikikuomba uiapdeti, mara nyingi si urembo. Huenda kuna kufuli inayobadilishwa. Iapdeti kutoka duka rasmi la simu yako, kamwe si kwa linki uliyotumiwa na mtu. Na usitafute toleo la zamani la aplikesheni mtandaoni eti kwa sababu simu imezeeka.

Simu ikikataa toleo jipya, usihangaike. Tumia menyu ya kupiga kwa nyota na reli. Hiyo hufanya kazi hata kwa kabambe, maana kazi kubwa inafanywa kwenye mitambo ya mtandao, haitegemei maktaba za simu yako.

Mwisho, fundi anayekushughulikia kompyuta au simu hahitaji PIN yako kwa jambo lolote tulilotaja hapa. Akiiomba, funga mashine yako uondoke.