Mababi Wanaojifanya Mahustler: Venye Pai Moja Inaweza Kuchomea Mwanasiasa Uingereza

Kama unaijua Uingereza kupitia EPL pekee, siasa zao zinaweza kukuacha umekodoa macho. Leo nchi nzima imewaka juu waziri hakumbuki mara ya mwisho alinunua pai. Kesho watu wanamcheka mtu anayetaka kuwa waziri mkuu kwa kusema babake alikuwa fundi. Wiki ijayo kelele ni ya mbunge aliyeenda kutazama opera. Unabaki ukijiuliza, kwani hawa walami hawana shida za maana?

Wanazo, tena mob. Rent inawanyonga, foleni za hospitali ni ndefu, bili za stima na gesi zinauma. Lakini kule hizi stori ndogo ndogo ndio watu hutumia kuulizana swali moja kubwa: huyu anayetuongoza ni wa tabaka gani, na sheria anazotuwekea zinamhusu na yeye ama ni zetu pekee? Ukishika hapo, siasa za Uingereza zinakuwa rahisi kusoma. Acha nikuchanue.

Tabaka si ganji pekee

Huku kwetu msee akiomoka tunajua tu. Ni gari, ni keja, ni mtaa amehamia. Ukishika doh leo, kesho watu wanakuita mdosi, na hakuna anayeuliza babu yako alikuwa nani.

Uingereza haiendi hivyo. Kule unaweza kuwa fundi wa mabomba mwenye nyumba tatu na bado ujiite mtu wa tabaka la wafanyakazi. Halafu kuna mwingine amesota, jumba la babu yake linavuja kila mvua ikinyesha, lakini akifungua mdomo tu kila mtu anajua huyo ni babi wa damu.

Mwaka 2013 BBC na watafiti wa vyuo vikuu walitoa matokeo ya uchunguzi mkubwa, watu zaidi ya 160,000 walikuwa wamejibu maswali. Hawakuuliza mshahara pekee. Waliuliza unajuana na watu wa kazi gani, na ukiwa free unajibamba aje. Wakatoka na matabaka 7. Ya juu kabisa ilikuwa na asilimia 6 ya watu. Ya chini kabisa asilimia 15, wale wa kuishi kwa vibarua vya leo kiko kesho hakuna.

Sasa shika hii. Uchunguzi mwingine uliotoka 2016 ulipata asilimia 60 ya Waingereza wanajiita tabaka la wafanyakazi. Hata kati ya wale wako kwa kazi za umeneja na utaalamu, asilimia 47 walisema hivyo. Yaani meneja ana ofisi, ana pensheni, lakini ukimuuliza anakuambia yeye ni msee wa mjengo rohoni.

Nairobi tunadanganya tukipanda. Tunapiga picha tukiegemea gari ya wenyewe. Walami wanadanganya wakishuka, juu kule ukisema umetoka chini, watu wanaamini ulichonacho ulikitafuta. Ukisema ulizaliwa juu, wanahesabu ulipewa.

Mdomo unakuanika

Kitu ya kwanza inayokuanika ni lafudhi. Mtu wa Liverpool, wa Newcastle na wa Birmingham wanajulikana kwa sentensi moja. Lakini kuna ile lafudhi ya mababi haina mtaa. Ukiisikia hujui ametoka mji gani, unajua tu alisomea shule ya bei.

Kitu ya pili ni majina ya chakula. Sisi tukisema chai ni chai. Kule, kwa familia nyingi za wafanyakazi, haswa kaskazini, "tea" ni chakula cha jioni, na "dinner" ni kile cha mchana. Kwa mababi, mchana ni "lunch" na jioni ni "dinner" ama "supper". Kwa hivyo ukialikwa "tea" kwa mtu huko Leeds, usishangae ukiwekewa sahani ya viazi na sosej.

Hata choo ina tabaka. Watu wengi husema "toilet", mababi wanasema "loo" ama "lavatory". Msomi anaitwa Alan Ross aliandika kuhusu haya maneno mwaka 1954, halafu mwandishi Nancy Mitford, mtoto wa lodi, akayafanya yajulikane kila mahali. Watu wakaanza kuogopa hata kutaja kitambaa cha kupangusa mdomo mbele ya wageni.

Kama umewahi kuskia msee akitweng kwa interview ya kazi, hii unaielewa vizuri. Tofauti ni kwamba kule wanasiasa wanatweng pande zote mbili. Margaret Thatcher, binti wa mwenye duka la mboga na vyakula, alifundishwa kubadilisha sauti yake kabla awe waziri mkuu. George Osborne yeye ni mtoto wa ukoo wenye cheo. Mwaka 2013, akiwa waziri wa fedha, aliongea na wafanyakazi wa ghala la supermarket huko Kent, na lafudhi yake ikashuka ghafla kama ametoka mtaa wa nyuma. Nchi ilimcheka hadi akachoka.

"Public school" si ile unafikiria

Hapa ndipo Wakenya wengi hupotea. Ukiskia mlami akisema alisomea "public school", usifikirie shule ya serikali. Anamaanisha shule ya kulipia, ya zamani, na mara nyingi ya kulala. Mfano ni Eton, ilianzishwa 1440. Karo ya mwaka mmoja saa hii ni zaidi ya pauni 50,000. Hiyo ni zaidi ya milioni nane za Kenya, kwa mtoto mmoja.

Watoto wa shule za kulipia Uingereza ni kama asilimia 7 tu. Lakini Eton pekee imetoa mawaziri wakuu 20. David Cameron ni wa Eton. Boris Johnson ni wa Eton. Wote wawili, pamoja na Osborne, walikuwa kwa klabu moja ya mababi huko Oxford inaitwa Bullingdon. Ni kama mbogi moja ya shule ikishikilia nchi kwa zamu.

Ndio maana Labour walipoingia serikalini na kuweka VAT ya asilimia 20 kwa karo za shule za kulipia kuanzia Januari 1, 2025, moto uliwaka. Upande mmoja ulisema pesa hizo ziajiri walimu wa shule za serikali. Upande mwingine ukasema mababi wa kweli hawataskia kitu, atakayeumia ni mzazi anayejinyima ili alipe karo. Ilionekana kama stori ya kodi, lakini walikuwa wanabishana nani anastahili kukalia kiti cha mbele.

Pai iliyochoma serikali

Turudi kwa ile pai. Pasty ni kama samosa kubwa ya kuoka, ndani kuna nyama na waru. Ni lunch ya msee wa mjengo, ya dereva, ya mtu ana dakika kumi za break. Inauzwa kwa maduka kama Greggs, iko karibu kila barabara ya madukani.

Machi 2012, Osborne kwa bajeti yake akasema vyakula moto kama hivyo vitalipiwa VAT ya asilimia 20. Mbele ya kamati ya bunge akaulizwa ni lini mara ya mwisho alinunua pasty kwa Greggs. Hakukumbuka. Cameron akajaribu kumuokoa, akasema yeye hupenda sana pasty na alikula moja kwa stesheni ya Leeds. Watu wakachimba, wakapata duka alilotaja lilikuwa limefungwa kitambo. Mkubwa wa upinzani, Ed Miliband, naye mbio na kamera hadi Greggs kununua sosej roll. Kufika mwisho wa Mei, serikali ilikuwa imerudi nyuma.

Hiyo feeling tunaijua. Mswada wa fedha wa 2024 ulipotaka VAT ya asilimia 16 kwa mkate, hakuna mtu alihitaji digrii ya uchumi kuelewa. Ukigusa chakula ya mtu wa chini, anajua mara moja kama unakula hicho chakula ama unakionea kwa karatasi.

Miezi michache baadaye, Septemba 2012, waziri Andrew Mitchell alikuwa na baiskeli yake kwa geti la Downing Street. Makarao wakakataa kumfungulia geti kubwa, wakamwambia apite kando. Wakakwaruzana. Polisi wakasema aliwaita "plebs", neno la dharau la watu wa chini. Alikubali alitusi lakini akakana hilo neno. Mwezi uliofuata alijiuzulu. Kesi ikaenda hadi 2014, na jaji akaamua kuna uwezekano mkubwa alilisema ama alisema kitu karibu sana nalo. Ona sasa: tusi alilokubali hakuna anayelikumbuka. Neno la tabaka ndilo lilimmaliza.

Mashindano ya msoto

Kampeni za 2024 zilikuwa sinema. Keir Starmer alikuwa amesema mara mingi babake alikuwa fundi wa kutengeneza vifaa kiwandani, hadi aliporudia mbele ya watu kwa TV mwezi wa Juni, ukumbi ukacheka. Haikuwa uongo. Ni vile aliitumia kama kitambulisho kila akiulizwa kitu.

Rishi Sunak naye, ambaye babake alizaliwa Kenya na mamake Tanganyika, aliulizwa alikosa nini akiwa mtoto. Akajibu Sky TV. Hebu fikiria mtu alisomea Winchester, moja ya shule za bei zaidi, na yeye na bibi yake wana utajiri uliokadiriwa kwa mamia ya milioni za pauni, anakuambia aliteseka juu kwao hakukuwa na kitu kama DSTV. Kusema ukweli, daktari na mfamasia waliomlea walijinyima kumlipia karo. Angesimulia hiyo tu. Lakini alitaka kadi ya msoto, na hakuwa nayo.

Usiwacheke sana. Huku tulipewa wilibaro 2022, na kila kampeni kuna mheshimiwa anashuka V8 kukula mahindi choma kando ya barabara.

Ukipanda pia wanakupiga

Angela Rayner ndiye anaonyesha hii mchezo iko rigged aje. Alikulia nyumba za kanjo huko Stockport, akaacha shule akiwa na miaka 16 na mimba, hana cheti cha maana, akafanya kazi ya kuangalia wazee. Akapanda kupitia chama cha wafanyakazi hadi bungeni. Hiyo si CV ya kutengenezwa.

Juni 2022 alienda kutazama opera huko Glyndebourne. Dominic Raab akamtupia bungeni, ati wenzake wako kwa mgomo wa treni na yeye anakunywa shampeni akiskiza opera. Babi akienda opera hakuna habari. Mtu wa mtaa akienda, ni unafiki. Na opera yenyewe ilikuwa The Marriage of Figaro, stori ya watumishi wanaomzidi tajiri wao akili.

Lakini stori yake haiishii hapo. Julai 2024 akawa naibu waziri mkuu, tena waziri wa nyumba. Septemba 2025 alijiuzulu baada ya kupatikana hakulipa kodi yote ya kununua nyumba yake huko Hove. Alisema alipewa ushauri mbaya wa kisheria. Msoto wake ulikuwa wa kweli kabisa, na bado haukumsaidia kwa hilo swali la sheria.

Siku utani uliisha

Kama kuna stori moja ya kubeba, ni ya Partygate. Wakati wa corona, Waingereza walikatazwa kukutana. Watu walizika wazazi wao wakiwa wachache, wengine waliaga mgonjwa kwa simu. Aprili 2021 Malkia Elizabeth alikaa peke yake kanisani akimzika mumewe. Usiku wa kuamkia mazishi hayo, wafanyakazi wa Downing Street walikuwa na sherehe mbili za kuaga wenzao.

Polisi walitoa faini 126 kwa sherehe za serikali wakati huo. Johnson na Sunak walipigwa faini kila mmoja. Kufika Julai 2022, Johnson alitangaza anaondoka, baada ya mawaziri kumtoroka kwa wingi.

Angalia, Waingereza walijua Boris ni babi tangu mwanzo. Shule yake waliijua, lafudhi waliiskia, na bado 2019 walimpigia kura, hadi mitaa ya wafanyakazi iliyokuwa ya Labour miaka na miaka. Hawakumkataa juu ya Eton. Walichoka na yeye walipoona sheria iliyowazuia kumshika mkono mama yao hospitalini haikuzuia chupa za divai kuingia ofisini kwake.

Kwa hivyo next time ukiskia walami wanapigana juu ya sosej roll, uliza maswali mawili. Huyu anaigiza maisha ya nani? Na sheria anayonitungia, yeye pia inamshika? La kwanza ni la kuchekesha. La pili ndilo la kupigia kura, na hata 2027 ikifika huku kwetu, mtu akikuja na stori ya venye alitembea bila viatu, mskize vizuri halafu umuulize hilo la pili.

Wewe je, ni mwanasiasa gani ameigiza msoto hadi ukaona aibu kwa niaba yake?